Kutoka Kihoto Hadi Husuni Kubwa

Tulisimama Kihoto, Naivasha, mbele ya nyumba zilizoingiwa na maji ya ziwa mwaka 2025, wenyewe wamehama. Kimya kile kilitukumbusha Kilwa. Huko, katika karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga kasri la Husuni Kubwa juu ya mwamba wa pwani: vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Halikukamilika, likahamwa. Lakini Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, alisimulia jinsi Sultani alivyompa fakiri Myemeni nguo zile zile alizovaa. Akaitwa Abul-Mawahib, Baba wa Hiba. Enyi ndugu na akina mama, kuta zimebomoka, sadaka ingali yasimuliwa. Waliohama Kihoto wangali wahitaji stara. Tuwakumbuke kabla hatujapamba kuta zetu.