Mama wa Faili

Nimepotea kidogo, mniwie radhi. Kuna jambo limenikaa rohoni na nimeona nikilinyamazia nitakuwa mnafiki. Kwa hiyo leo naungama.

Miaka mitatu iliyopita mhariri wangu alinituma kwenye kituo kimoja cha utafiti (jina nalihifadhi) nikaandike habari za profesa anayechunguza mbu. Nikakaa naye saa mbili, nikampiga picha ameinamia hadubini, nikarudi Dar na makala ya ukurasa mzima. Watu wakaisifu. Profesa mwenyewe akanipigia simu kunishukuru.

Ambaye sikumwandika ni Mama wa Faili. Ndivyo walivyomwita pale. Nilimkuta kwenye chumba kidogo karibu na ngazi, meza imejaa majalada. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, maana alikuwa anahesabu risiti. Nikakaa kwenye benchi kumsubiri profesa. Kwa dakika kama arobaini nikaona watu wanaingia na kutoka. Kijana wa maabara anauliza kibali cha maadili kinaisha lini. Dereva anataka masurufu ya safari. Dada mmoja mtafiti amerudi kijijini na karatasi ya daftari iliyosainiwa na muuza barafu, kwa sababu muuza barafu wa kijijini hana mashine ya EFD. Mama akaiangalia ile karatasi, akatikisa kichwa: "Mwanangu, hii ungeniambia kabla hujaondoka, ningekuandalia fomu." Kisha akaanza kumtafutia njia iliyo halali.

Mimi pale kwenye benchi nikawaza: urasimu huo! Nilikuwa na sentensi kali tayari kichwani ya kuwaponda makarani wetu. Sikuitumia, lakini sikuandika pia chochote kingine kumhusu.

Mwezi uliopita nilirudi. Mlango wa kile chumba una kufuli. Mama alikuwa na mkataba wa mradi, na mradi ulikuwa wa fedha za Marekani. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa 2025, mradi ukasimama na mkataba ukaishia hapo. Profesa yupo, mshahara wake ni wa serikali. Ila nusu ya siku yake sasa anafanya kazi za Mama. Nilimkuta anahangaika na nukuu tatu za bei ya dizeli, mtu mwenye shahada ya uzamivu!

Akanipeleka kwenye friza ya sampuli. Iko wazi, kavu, haina kitu. Umeme ulikatika Ijumaa jioni, tenki la jenereta likiwa karibu tupu. Ombi la dizeli lilikuwa kwenye meza ya mtu likisubiri sahihi, na hapakuwa na yeyote ambaye kazi yake ni kulifuatilia. Jumatatu asubuhi sampuli za miaka minne zilikuwa zimeyeyuka. "Mama hakuwahi kuacha wikiendi ianze bila dizeli," profesa aliniambia. Hakuongeza neno.

Nilidhani ni bahati mbaya ya kituo kimoja. Kumbe ni hesabu. Fedha za utafiti huja na fungu dogo la gharama za uendeshaji: umeme, wahasibu, masjala, ugavi. Kwa miaka mingi NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, ziliwapa wapokeaji wa nje ya nchi yao asilimia 8 tu kwa kazi hiyo. Vyuo vikuu vya kwao hupatana viwango na serikali, na vingi vinavuka asilimia 50. Yaani kwenye dola 100,000 za utafiti, mwenzako anaongezewa zaidi ya 50,000 za kuendesha ofisi, wewe unapewa 8,000. Februari 2025 NIH ilipotangaza kuvishusha vyuo vya Marekani hadi asilimia 15, vilipiga kelele kwamba maabara zitafungwa. Wakaenda mahakamani, na mahakama ikazuia. Sisi kwa 8 tulisema asante.

Lakini tusimalizie lawama kwa wazungu. Mwaka 2006, mjini Khartoum, Umoja wa Afrika ulikubaliana kila nchi itumie asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Sisi bado hatujafika. NIMR iliundwa kwa sheria ya 1979, COSTECH kwa sheria ya 1986. Tuna taasisi zenye umri wa wazazi wetu. Lakini nani hapa aliwahi kumwambia mwanawe asome awe msimamizi wa utafiti? Wenzetu wa kusini mwa Afrika waliunda chama cha watu wa kazi hiyo, SARIMA, tangu 2002. Kwao ni taaluma. Kwetu ni mama wa kwenye ngazi.

Najua kuna atakayesema makarani wamejaa maofisini na kazi yao ni kukalia mafaili. Wapo, nami wamenikalia mengi. Ila dawa ya anayekalia faili ni kumwajiri anayelisukuma, kumfundisha, na kumpa ajira isiyokufa na mradi. Mkataba wa Mama ulipokwisha, kituo kilipoteza mtu na kumbukumbu zake zote: nani anasaini nini, siku gani, kwa fomu ipi.

Nilimtafuta kwa simu. Ana genge la mboga nyumbani kwake sasa. Baada ya salamu akaniuliza, "Friza yangu inaendeleaje?" Nikababaika. Nikamwambia nitampigia tena, na mpaka leo sijampigia.

Nitampigia leo jioni. Na wewe msomaji, ofisini kwenu Mama wa Faili ni nani, na mkataba wake unaisha lini?