Baada ya Salamu



Sisi watu wa pwani hudhani Kiarabu tunacho mfukoni. Tumesoma chuoni tangu utotoni, na Kiswahili chetu kimejaa maneno yake. Nami nilidhani hivyo hadi mwaka 2017, ilipohamia mtaani kwetu familia moja ya Kisyria, katika mpango ambao serikali ya Uingereza iliahidi mwaka 2015 kuwapokea wakimbizi 20,000 wa vita vile.

Asubuhi moja mama wa familia hiyo alifika na wanawe kwenye ukumbi wa msikiti. Nilikuwa mlango wa wanawake, na sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki. Tulisalimiana vizuri, kisha nikakwama. Nilitaka kumwomba angoje kidogo, nikainua mkono nikasema, "Tafadhali." Akatabasamu, akapita na watoto wote juu ya maji. Kumbe kwao neno hilo, anapoambiwa mwanamke, ni kumkaribisha: pita, keti, kula. Mimi huombea, wao hukirimia.

Deki si kitu. Kilichoniuma ni kumwona ameketi pembeni muda wote, kila mmoja wetu akimpa salamu na kupita, kwa kukosa neno la pili. Nimesomesha lugha miaka thelathini! Na majira yangu ya kwanza ya baridi katika nchi hii sijayasahau.

Basi nikaanza kujifunza, na mwalimu wangu akawa bintiye wa miaka tisa. "Marhaba" kwao ndiyo salamu yenyewe, si jibu la shikamoo. Nao huijibu "marhabtayn", yaani marahaba mbili. "Sabah al-khayr" hujibiwa "sabah an-nur", asubuhi ya nuru, na humfaa pia Mkristo wa Syria, maana nao wamo. "Ahlan wa sahlan" hujibiwa "ahlan bika" kwa mwanamume, "ahlan biki" kwa mwanamke. Hapo ndipo nilipojikwaa sana, kwani "wewe" yetu haibagui.

Wiki ya tatu nilimkuta mama yule akivua viatu. "Sabah al-khayr," nikamwambia, "kayfa haluki?" Akaweka mkono kifuani, akanijibu kwa maneno mengi sana, nilifahamu labda robo. Nilimshika mkono tu, nikasikiliza hadi mwisho.

Alipomaliza, binti akanivuta nguo. Ile ha ya "sabah", akasema, haijatoka kooni. Nikairudia mara tano pale pale mlangoni.