Ua Lipendalo Ardhi Mbaya

Kusini mwa jiji la San Jose, katika jimbo la California nchini Marekani, viko vilima ambavyo mkulima akiviona hatatamani kuvinunua. Mwamba wake una rangi ya kijani, nao huitwa serpentini. Udongo utokanao na mwamba huo una magnesi nyingi na kalisi kidogo, una nikeli iliyo sumu kwa mimea, na naitrojeni yake ni haba. Lakini katika nyufa za mwamba huo huota ua liitwalo dudleya ya Bonde la Santa Clara, lisiloota kwa asili mahali pengine po pote duniani ila katika wilaya hiyo moja, toka San Jose hadi San Martin, mwendo wa maili 20 hivi.

Mmea wenyewe ni mdogo, hata mtu aweza kuupita asiuone. Majani yake ni manene, yenye maji kama ya shubiri, nayo yamejipanga duara juu ya jiwe. Mvua za miezi ya baridi zikiisha, hutoa vikonyo viwili vitatu vya maua ya manjano hafifu.

Zamani bonde lililo chini ya vilima hivyo lilijaa mashamba ya miti ya matunda. Mwaka 1950 San Jose ilikuwa na watu 95,280. Mwaka 2020 walihesabiwa 1,013,240. Miti iling'olewa, zikaja nyumba, viwanda na barabara pana, kisha ujenzi ukaanza kupanda vilimani. Mwaka 1995 serikali ya Marekani ililiandika ua hilo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka.

La ajabu ni kwamba jiji hudhuru vilima hivyo hata pale ambapo halikujenga kitu. Moshi wa magari una naitrojeni, nayo huanguka juu ya udongo kama mbolea. Mbolea ya bure ni neema shambani, lakini huko ni balaa, kwa maana nyasi za kigeni, zilizokuwa zikishindwa na umaskini wa udongo ule, hupata nguvu zikasonga mimea ya asili. Mwaka 1999 mtaalamu Stuart Weiss alionyesha kwamba palipoondolewa ng'ombe, nyasi hizo zilizidi, na vipepeo adimu wa vilima hivyo wakapungua sana. Basi ng'ombe, ambao wengi wangewadhani kuwa adui, ndio wapunguzao nyasi, mradi wasiwe wengi hata wakaikanyaga mimea.

Mwaka 2013 ulikubaliwa mpango wa miaka 50, ambao kwa huo wajenzi hutozwa fedha za kununua na kutunza ardhi ya namna hiyo. Hata safari za magari zitakazoongezeka kwa sababu ya jengo jipya hulipiwa. Mwaka 2023 hifadhi ya Coyote Ridge ilifunguliwa kwa wageni. Aendaye huko mwezi wa Mei aweza kuliona ua hilo mwambani, na chini yake barabara kuu iliyojaa magari.