Ekseli ya pedeli, gololi 22 na fundi wa mtaani

Kazi za chumba cha habari zilinimeza, lakini leo nimerudi. Siasa nimeiweka pembeni. Nataka tuzungumze kuhusu baiskeli, tena kipande chake kimoja tu ambacho tunakikanyagia kila siku bila kukiona: ekseli ya pedeli.

Iko chini kabisa ya fremu, ndani ya kibomba kifupi kilicholala kulia kwenda kushoto. Krenki zote mbili zimeshikizwa kwenye ncha zake. Unapopanda kilima umesimama juu ya pedeli, uzito wako wote unapita pale. Ikichakaa utaisikia kwanza: kila ukikanyaga, "kwa!" Halafu baiskeli inaanza kuwa nzito bila sababu.

Je, utajuaje kwamba ni ekseli na si kitu kingine? Shika krenki uitikise kuelekea kwenye fremu na kurudi. Kama ni krenki moja tu inayocheza, huenda ni bolti yake iliyolegea. Kama zote mbili zinacheza kwa pamoja, basi ndugu yangu, ekseli inakuaga.

Yangu ilikuwa inaniaga. Baiskeli ni ya mtumba, ilishuka na kontena kama zinavyoshuka nyingi hapa Dar es Salaam. Nikaipeleka Mwananyamala, kwa fundi anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Mzee huyu ameanza kutengeneza baiskeli kabla sijazaliwa, na hajawahi kunirudisha na baiskeli mbovu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwandishi. Leo inalia nini?"

Akang'oa krenki kwa pula, akachungulia, akatikisa kichwa. "Hii ni ya kopo. Ikifa, imekufa. Halafu kifunguo chake mimi sina."

Hebu nieleze hilo kopo. Katika baiskeli zetu za zamani, zile Phoenix na wenzake, ekseli inazunguka juu ya gololi zilizopangwa ndani ya vikombe viwili. Kila kitu kinafunguka. Gololi ikisagika unabadilisha gololi. Grisi ikiisha unatia grisi. Baiskeli nyingi za miaka ya karibuni zimewekewa ekseli na beringi zake zikiwa zimefungiwa pamoja ndani ya kopo moja la chuma. Kuitoa fremuni kunahitaji kifunguo maalumu. Cha aina yangu kina meno 20 yanayoingia sawasawa kwenye meno ya kopo. Lakini hata ukiitoa, ndani hamna cha kutengeneza. Unatupa, unanunua jingine.

Tusiwaonee waliolitengeneza. Kopo lina sifa zake. Vumbi na maji havipenyi kirahisi, halihitaji kurekebishwa, na likiwa zuri unaweza kulisahau kwa miaka. Kwa mtu ambaye duka lenye vifaa liko jirani yake, ni jambo la maana sana. Shida yangu ilikuwa kwamba jirani yangu si duka. Jirani yangu ni mzee chini ya mwarobaini.

Kifunguo tuliazima kwa kijana mmoja anayehudumia baiskeli za mashindano. Na hapa kuna somo ambalo likikupita utaua fremu. Kwenye fremu nyingi, upande wa kulia, ule wa cheni, nyuzi zimegeuzwa. Ule mkono tuliouzoea wa kufungua nati ndio unaokaza! Watu huvuta, huongeza bomba kwenye spana ili ipate nguvu, kumbe wanazidi kukaza mpaka meno yanalika.

Kwa nini zikageuzwa? Si ujanja wa kututesa. Mguu wako unapokanyaga, mzigo unazunguka pamoja na krenki, na mzigo huo unaozunguka hukisogeza kikombe taratibu kuelekea upande wa pili. Nyuzi za kawaida upande wa kulia zingejifungua zenyewe barabarani. Fremu za mtindo wa Italia hazikugeuza, pande zote ni za kawaida, na ndiyo maana kikombe chake cha kulia hutakiwa kukazwa kwelikweli.

Fundi ana njia rahisi ya kukumbuka. Simamisha spana iangalie juu. Kufungua, isukume kuelekea tairi la mbele, iwe kulia au kushoto. Kufunga, ivute kuelekea tairi la nyuma. Pedeli ni kinyume chake: hizo hufungwa kuelekea mbele. Jaribu kichwani utaona hesabu inakubali.

Kopo likatoka. Limeandikwa 68 na 122.5, yaani upana wa kibomba na urefu wa ekseli kwa milimita. Namba hizi ziandike kabla ya kwenda dukani. Ekseli ikiwa fupi mno, krenki au sproketi itagusa fremu. Ikiwa ndefu mno, cheni itakwenda upande.

Kariakoo nilikuta chaguo mbili mezani. Kopo jipya kama lile la zamani, au seti ya ekseli yenye vikombe na gololi, nyuzi zilezile, ncha za mraba zilezile, urefu unaokaribiana. Kopo ndilo la kisasa. Nilichukua vikombe.

Marafiki zangu wa ofisini walicheka. Mtu anarudi nyuma wakati dunia inakwenda mbele? Lakini fikiria. Gololi zikisagika, mzee atazibadilisha kwa spana alizonazo, huku tunazungumzia mpira. Kopo likifa, yeye atatikisa kichwa tena, na mimi nitahangaika tena kuazima kifunguo. Ubora wa kipuri ni lazima uupime pamoja na mkono utakaokitengeneza.

Ufungaji wenyewe ulichukua chini ya saa moja. Tulisafisha nyuzi kwa kitambaa, tukazipaka grisi. Kikombe cha kulia kikakazwa mpaka mwisho. Seti ilikuja na gololi zilizobanwa kwenye ringi ya bati. Mzee akaitupa ringi na kupanga gololi zenyewe, 11 kila upande, zikiwa zimenaswa kwenye grisi. Jumla 22. Ekseli ikaingia, kisha kikombe cha kushoto, kikisogezwa robo kwa robo. Kikilegea, ekseli inacheza. Kikibana, inakwaruza. Kati ya hapo pana mahali pamoja ambapo inazunguka kimya, na hapo ndipo unapofunga ringi ya nje huku umekishikilia kikombe kisihame. Mahali hapo mzee alipajua kwa vidole.

Wapo waliowahi kuliwaza jambo hili kwa ukubwa zaidi. Miaka ya 1980, baada ya pampu nyingi za visima vijijini kufa kwa kukosa mafundi na vipuri, wataalamu walianza kusisitiza pampu ambazo wanakijiji wenyewe wanaweza kuzihudumia. Afridev, iliyoendelezwa Malawi na Kenya, ni mojawapo: unaweza kuifungua kwa spana moja. Waliona kwamba pampu nzuri isiyofunguliwa kijijini ni chuma tu kilichosimama juu ya kisima.

Sasa tazama mtaani kwako. Bodaboda, jokofu, simu, mashine ya kusaga. Vinakuja vizuri, vinang'aa, lakini vifunguo vyake mara nyingi vinabaki vilikotoka. Kila kopo lisilofunguka linapunguza kazi moja chini ya mwarobaini. Fundi hajapoteza akili wala mikono. Amenyimwa kifunguo tu, halafu sisi tunasema amepitwa na wakati.

Sisemi tukatae vitu vipya. Ukipenda kopo, nunua, lakini nunua na kifunguo chake umwachie fundi wako. Atakutengenezea wewe, na kesho atamtengenezea mwingine.

Na ukishafunga ekseli, zungusha kilomita chache kisha ukague bolti za krenki tena. Gololi nazo zinahitaji grisi, hasa baada ya masika. Usisubiri "kwa!"

Haya, wiki njema. Tuonane barabarani, na wenye magari mtuachie nafasi.