Safari ya Mwanza na Deni la Mama

Mwaka jana wenzangu wengi waliniuliza kwa nini nilivunja ahadi niliyompa rafiki yangu, yule anayelala kitanda cha juu yangu bwenini. Leo nimeomba nafasi katika gazeti letu nieleze habari hiyo toka mwanzo, ili kila msomaji aamue mwenyewe kama nilikosa.

Nyumbani kwetu ni karibu na Nyarugusu, mkoani Geita, katika nchi ya dhahabu. Nijapo shuleni hapa Shinyanga hupita Kakola na Kahama, na kwa hiyo sikupata kuuona mji wa Mwanza, ingawa ndio mji mkubwa wa Kanda ya Ziwa. Rafiki yangu, ambaye kwao ni Katoro, naye hakupata kuuona. Basi tulipokuwa kidato cha tatu tuliazimia kwenda kuutazama kwa siku mbili katika likizo ya Septemba 2025. Wakati huo daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa limefunguliwa miezi mitatu tu, tarehe 19 Juni. Urefu wake ni yapata kilometa 3, na gari hulivuka kwa dakika chache, mahali ambapo zamani watu walipanga foleni kungoja kivuko.

Tuliandika kila kitu katika daftari la hesabu. Fedha zilikuwa zangu, Sh 80,000, nilizozipata kwa kufyatua matofali likizo ya Juni. Mwenzangu hakuwa na kitu, nami nilimwahidi kumlipia. Nauli zetu sote wawili tuliziwekea Sh 40,000, kisiwa cha Saanane Sh 15,000, chakula Sh 20,000, na akiba Sh 5,000. Tungelala kwa mama yangu mdogo huko Nyakato bila gharama. Siku ya kwanza ilikuwa ya Saanane na ya Jiwe la Bismarck, lile lililokaa juu ya mawe mengine majini. Siku ya pili tungekwenda Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, kisha tungekula sato mzima katika hoteli moja nzuri ya ufukoni. Hata saa ya kuketi mezani tuliiandika.

Nilipofika nyumbani nilimsomea mama daftari lile, nikitaka anisifu. Alisikiliza huku akipepeta mchele, kisha akauliza, "Hicho kisiwa kipo upande gani wa Bugando?"

Nikacheka. Baba hakucheka. Alisema, "Mwanangu, mama yako alikaa Mwanza miezi miwili mwaka 2019, nilipoangukiwa na kifusi shimoni. Anaijua wodi, anazijua ngazi, na mahali pa kufulia. Hiyo ndiyo Mwanza yake."

Niliona haya sana, na usiku ule usingizi haukuja. Fedha zilitosha watu wawili, wala hazikutosha watatu. Asubuhi niliazima simu ya baba, nikampigia rafiki yangu na kumwambia kwamba safari yetu haiwezekani tena. Alinyamaza, kisha akasema, "Sawa," akakata simu. Neno lile moja liliniuma kuliko matusi.

Mama naye alikataa kwanza. Alisema viatu vyake vimekwisha, tena nani atawaangalia kuku? Baba akamjibu, "Mama watoto, mlango wa nyuma wa Mwanza unaujua. Nenda ukauone wa mbele."

Tukaenda. Darajani mama alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili mpaka tukavuka. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Hapa tulingoja kivuko, baba yako akiugulia nyuma ya gari."

Mchana tulipanda mashua kwenda Saanane, tukaona pimbi wakiota jua miambani. Nilimweleza mama kwamba kisiwa hicho kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kwamba jina lake ni la Mzee Saanane, aliyekuwa akiishi hapo akilima na kuvua. Tulipolitazama Jiwe la Bismarck nikamwambia kuwa hilo lina jina la waziri mkuu wa Ujerumani ambaye hakufika Afrika kamwe. Mama akasema, "Basi mimi napenda zaidi jina la yule aliyelima."

Siku ya pili, asubuhi na mapema, nilimwambia ajitayarishe kwa Bujora. Akasema, "Kwanza Bugando. Nina deni."

Tukapanda kile kilima. Nje ya lango la hospitali palikuwa na mwanamke auzaye chakula chini ya mti. Mwaka 2019 alikuwa akimkopesha mama uji, na siku baba alipotoka fedha zote zilikwenda katika nauli, hata Sh 3,000 zikabaki hazijalipwa. Mama alifungua fundo la khanga yake. Yule mwanamke hakumkumbuka, mpaka alipoambiwa, "Mimi ndimi mke wa yule wa kifusi." Hapo akapiga makofi na kumkumbatia.

Fedha alizikataa. Mama akashikilia kwamba dawa ya deni ni kulipa, naye mwishowe akazipokea kwa sharti kwamba tukae tule. Akatupakulia ugali na sato wa mchuzi katika sahani za bati, wala hakutaka malipo. Walizungumza mpaka saa ya Bujora ikapita. Jioni tulipita mbele ya hoteli yangu ya ufukoni. Sitasema uongo, nilitamani vile vitambaa vyeupe vya mezani. Lakini mama alikuwa ameshiba, nami pia.

Tuliporudi shuleni rafiki yangu hakusema nami kwa wiki nzima. Siku nilipomsimulia habari ya deni alinitazama sana, akasema, "Ungeniambia hivyo katika simu."

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Kumpeleka mama halikuwa kosa. Kosa ni kwamba nilimnyima rafiki yangu sababu, kwa kuwa niliona haya. Zile Sh 20,000 za chakula bado ninazo. Tumekubaliana kwenda baada ya mtihani wa Novemba, naye ndiye ashikaye daftari. Ukurasa wa siku ya pili ameuacha mtupu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne