Hiba ya Babu, Kiapo cha Baba

Babu alipompa shangazi sehemu ya shamba la minazi, Pangani, hakushika kalamu. Baada ya swala ya Ijumaa aliwachukua wazee hadi shambani, akawaonyesha mpaka unapoanzia na unapoishia, akatamka hiba yake. Shangazi akasema ameipokea. Mkwezi alipoangua nazi za upande ule, alizipeleka kwa shangazi. Kwa fikihi ya Kishafi hakukubaki kitu: mtoaji ametamka, mpokeaji amekubali, mali imekabidhiwa.

Ila ushahidi wote ulikuwa vifuani mwa wazee, na wazee hufariki. Wa mwisho wao alipozikwa, binamu zetu walianza kuuliza nani aliyesikia. Shangazi alimaliza umri wake akiitetea haki ambayo kijiji kizima kiliwahi kuijua.

Sheria za ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika 2001, zilitamka wazi kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini haki iliyotamkwa na sheria bado huhitaji ushahidi, na taratibu nasi tukazoea kuulizana: maandishi yako wapi?

Baba alipoamua kunipa nyumba ya Tanga, alikwenda kwa wakili. Swali la kwanza lilikuwa kama mama ameridhia, kwa kuwa ni nyumba ya ndoa. Mama akatia saini ridhaa yake. Kisha hati ya kiapo ikasomwa kwa sauti, aya kwa aya: yeye ndiye mmiliki, anatoa kwa hiari, hajalipwa wala kushurutishwa. Baba akamsimamisha msomaji, akataka iongezwe kwamba wanawe wa kiume amekwisha kuwapa mafungu yao. Akaapa na kutia saini mbele ya wakili mwingine, kamishna wa viapo asiyehusika na shughuli yetu, naye akagonga muhuri na kuandika mahali na tarehe. Siku hiyo hiyo baba akanikabidhi funguo.

Kiapo peke yake hakikunifanya mmiliki. Hilo lilitimia hati ya uhamisho iliposajiliwa kwa Msajili wa Hati. Lakini ndicho kilichohifadhi kauli ya baba. Leo hayupo, na hakuna aliyeniuliza nani alisikia.

Mzazi mwenye nia ya kumpa mwanao mali, hasa binti, waite mashahidi kama walivyofanya wazee wetu. Kisha apa, andika na usajili ungali hai.