Cheti Ukutani, Mgonjwa Mlangoni

Kuna ugonjwa mmoja hapa Bongo haujapata chanjo mpaka leo: ugonjwa wa semina. Dalili zake unazijua. Bango lenye nembo sita, projekta, chupa za maji, chai ya saa nne, picha ya pamoja, posho, cheti. Wiki inayofuata kila kitu kiko vilevile. Kwenye semina za ujasiriamali unaweza kucheka yakaisha. Kwenye semina za kuwaandaa wahudumu wa afya kwa dharura, jamani, hapo hakuna cha kucheka.

Nimekuwa nikiliwaza hili tangu niliporudi kutoka Tukuyu. Kwa asiyepajua, ni makao makuu ya wilaya ya Rungwe, kilomita kama 70 kutoka Mbeya mjini. Wajerumani walipaita Neu Langenburg. Ni kwa migomba, chai na mvua ambayo nadhani haijawahi kuambiwa kuwa kuna kiangazi. Barabara inayopita pale inateremka mpaka Kyela, halafu mpaka wa Kasumulu, halafu Malawi. Kila kinachopita mpakani kinapita Tukuyu: malori, abiria, ndizi, na magonjwa pia.

Siongezi chumvi. Kuanzia Machi 2022 Malawi ilipigwa na kipindupindu kibaya kuliko vyote katika historia yake. Mpaka kinatulia mwaka 2023 kilikuwa kimeua zaidi ya watu 1,700. Na si magonjwa tu. Pale Idweli, ndani ya Rungwe, wenyeji wanakumbuka lori la mafuta lililopinduka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu walikwenda kuchota, moto ukalipuka, makumi wakafa. Siku kama hiyo majeruhi wa kwanza hapelekwi Muhimbili. Anapelekwa kwa muuguzi aliye zamu kwenye kituo cha karibu.

Kwa hiyo mafunzo yanahitajika, hilo halina ubishi. Swali langu ni moja tu: tunajuaje kama yamefanya kazi?

Niliwahi kuketi nyuma ya ukumbi kwenye semina ya aina hii, mji na waandaaji nawahifadhi. Asubuhi washiriki walipewa mtihani, jioni ya siku ya mwisho wakapewa mtihani uleule. Alama zikapanda, makofi yakapigwa, ripoti ikaandikwa kwamba uelewa umeongezeka. Sasa wewe niambie, mtu aliyesoma majibu saa tano, akiulizwa saa kumi, atashindwaje?

Huko Rungwe nilikutana na muuguzi mmoja, mama wa makamo, kwenye zahanati iliyo katikati ya mashamba ya chai. "Ugonile, mama," nikamsalimu kwa Kinyakyusa changu cha kuokoteza. Akacheka, akanikaribisha kiti. Cheti chake cha mafunzo ya magonjwa ya mlipuko kilikuwa ukutani, kimewekwa kwenye fremu. Nikamuuliza alijifunza nini.

"Mwanangu, kuvaa zile nguo za kujikinga nilivaa mwenyewe," akasema. "Kuvua tulionyeshwa kwenye picha, muda ulikuwa umeisha."

Anayefahamu mambo haya atashtuka. Kuvaa si tatizo. Kuvua ndiko kwenye hatari, kwa sababu uchafu wa mgonjwa uko nje ya nguo. Ukikosea mpangilio, ukashika uso kwa glavu, umejiambukiza mwenyewe. Hatua iliyorukwa kwa sababu ya muda ndiyo inayoua wauguzi. Na haya si mambo ya kwenye sinema. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 9, wakafa 6. Wawili kati ya wale 9 walikuwa wahudumu wa afya. Januari 2025 ukarudi mkoani humohumo, safari hii Biharamulo, na watu wote 10 waliohesabiwa kuugua, wakiwemo ambao vipimo havikuwahi kuthibitisha, walifariki.

Wataalamu wa kutathmini mafunzo wana ngazi nne ambazo Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kuziandika mwaka 1959. Kwanza, washiriki wameyapenda? Pili, wamejifunza? Tatu, wanafanya kazi tofauti na zamani? Nne, wagonjwa wamefaidika? Sisi tunapima mbili za kwanza, tena siku ileile, halafu tunafunga daftari. Ile ya tatu na ya nne inahitaji kurudi kituoni baada ya miezi kadhaa, na safari hiyo haimo kwenye bajeti.

Kama unadhani ni kelele za mwandishi wa habari tu, twende Haydom, mkoani Manyara. Hospitali ya Kilutheri ya pale walifundishwa kwa siku moja, mwaka 2010, namna ya kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua. Baada ya miezi saba wakapimwa kwa mwanasesere. Waliofaulu zoezi la kumwokoa mtoto walipanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Kwa wengi wetu hapo ndipo ripoti ingeishia, kwa makofi. Watafiti wale wakaingia chumba cha kujifungulia, wakaangalia watoto wa kweli. Wakakuta hakuna kilichoboreka! Mkono uliofaulu kwa mwanasesere haukuwa umeboreka kwa mtoto.

Wangeweza kuificha. Badala yake waliiandika, halafu wakabadilisha mafunzo yenyewe. Yakawa mazoezi mafupi hapohapo kazini: dakika tatu mpaka tano kila wiki, na dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hakukuwa na ukumbi wa hoteli. Palikuwa na mwanasesere, na mtu wa kusema "leo zamu yako."

Hapo ndipo tathmini inapoonyesha thamani yake. Bila kuingia chumba kile, Haydom wangeendelea kufurahia asilimia 74 huku watoto wakifa vilevile.

Kuna jambo jingine ambalo mtihani wa jioni hauwezi kulionyesha: nani alikuja semina. Mara nyingi anakuja mkubwa wa kituo, maana posho ina wenyewe. Muuguzi wa zamu ya usiku anabaki, hana wa kumwachia wodi. Lakini lori likipinduka saa nane usiku, nani atakuwepo? Halafu aliyefundishwa akihamishwa, cheti anaondoka nacho, na ujuzi pia.

Maoni yangu kwa halmashauri zetu, Rungwe na Busokelo zikiwemo: fungu la siku moja ya ukumbi lihamishiwe kituoni. Miezi mitatu baada ya mafunzo, mtu apige simu usiku bila taarifa, aseme yuko mlangoni na mgonjwa anayetapika na kuharisha, katokea mpakani. Wapime dakika mpaka mgonjwa atengwe. Wahesabu glavu zilizopo. Wamwombe muuguzi avae, kisha avue, mbele yao. Wajue kama namba ya wilaya inapokelewa saa ile. Wakikuta mapungufu wasimwadhibu mtu, warekebishe mafunzo, kama Haydom.

Yule mama wa zahanati hakulalamika hata kidogo. Aliniambia anachoomba ni siku moja tu mtu aje amwangalie akivua zile nguo, amwambie kakosea wapi. Mimi nadhani hilo ndilo ombi dogo kuliko yote ambayo serikali imewahi kupewa na mtumishi wake. Tutafakari.